Somo la Ufundi: Kwa Nini Risasi Hukwama Katika Bunduki ya Wenzo



Safari hii somo letu linahusu bunduki. Si bunduki ya jeshi, bali ile ya kuwindia ambayo Wamarekani wa kawaida wamekuwa nayo nyumbani kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengine watauliza, chama cha wafanyakazi na bunduki wapi na wapi? Jibu limo ndani ya bunduki yenyewe. Ukiifungua ukatazama mahali risasi inapokwama, utaiona kazi ya fundi ilipokaa, na utaona pia kinachotokea mwenye kiwanda akishaamua kwamba fundi huyo ni gharama ya kupunguzwa.

Bunduki yenyewe mmeiona katika filamu za makauboi. Chini yake, nyuma ya kifyatulio, pana kishikio cha chuma kama pete ndefu. Huo ndio wenzo. Mpigaji anausukuma chini, kisha anaurudisha juu, na risasi nyingine iko tayari. Mojawapo ya bunduki za kwanza za namna hii kufaulu sokoni ilibuniwa na Benjamin Tyler Henry, msimamizi wa karakana mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut, akapata hataza yake mwaka 1860. Bomba lake lilichukua risasi 16. Henry aliona malipo aliyopewa hayalingani na kazi aliyofanya, hata akajaribu kuliomba bunge la jimbo limpe kampuni. Hakuipata. Oliver Winchester, aliyekuwa na mtaji, aliunda kampuni mpya kwa jina lake mwaka 1866, na jina hilo ndilo dunia inalolijua. Mwanzo wa hadithi hii hauna jambo geni kwa msomaji wa kurasa hizi.

Sasa tuingie ndani. Risasi zimelala katika bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, na springi inazisukuma kuelekea nyuma. Wenzo ukishuka, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, tukiite komeo, hurudi nyuma. Kucha yake ndogo hulivuta ganda tupu na kisukumizi hulitupa nje. Wakati huohuo risasi moja, moja tu, hutoka bombani na kulala juu ya kiinulio, ambacho huipandisha hadi usawa wa chemba. Wenzo ukirudi juu, komeo huisukuma ndani. Yote haya hutendeka kwa muda mfupi kuliko kutamka jina lako.

Neno la kushika ni hilo: moja tu. Springi haijui kuhesabu, yenyewe inasukuma zote. Lazima kiwepo kitu cha kuizuia ya pili wakati ya kwanza inapanda. Karibu matatizo yote ya ulishaji yanatokana na kizuizi hicho kuchelewa, kuwahi, au kutofika mahali pake.

Katika Winchester ya mwaka 1873, kizuizi ni risasi yenyewe. Kiinulio ni kipande kizima cha chuma chenye tundu la urefu wa risasi moja. Risasi ikiwa ndefu kupita kipimo, pua yake hubaki ndani ya bomba na kiinulio hakipandi. Ikiwa fupi, ukingo wa ile ya pili hupenya nyuma yake, na kiinulio hakipandi vilevile. Ndiyo maana wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, jambo la kawaida kule, hupata taabu. Kichwa kisipobanwa vizuri na mdomo wa ganda, msukumo wa springi pamoja na mshtuko wa kila mlio hukididimiza ndani kidogo kidogo. Risasi iliyoingia bombani ikiwa sawa hutoka ikiwa fupi. Yako pia yanayotokana na uchache wa fedha: bunduki iliyotengenezewa risasi ya .357 Magnum hulishwa .38 Special, ambayo ni rahisi bei na ganda lake ni fupi kwa takriban milimita tatu na nusu. Nyingine huikubali, nyingine huikataa katikati.

Na hapa niseme jambo la usalama, maana si la kukwama bali la kupoteza mkono. Kwa kuwa risasi zimefuatana bombani, pua ya moja inagusa kitako cha iliyo mbele yake, mahali palipo na fataki. Kwa risasi zenye fataki katikati, kichwa cha chuma kilichochongoka kinaweza kuipiga fataki hiyo bunduki inapotikisika. Ndiyo sababu risasi za bomba zina pua bapa au butu. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, alikuwa na Winchester ya mwaka 1895 ya .405. Hiyo ilikuwa ya wenzo pia, lakini risasi zake zilikaa katika kisanduku, moja juu ya nyingine, kwa hiyo shida hiyo haikuwapo.

Kosa la mpigaji lipo pia, nalo ni la kawaida mno: hausukumi wenzo hadi mwisho. Anaogopa kuuumiza. Wenzo ukiishia njiani, ganda halitoki au kiinulio hakimalizi safari yake.

Lakini tusimtwishe mpigaji kila kitu. Katika Marlin ya modeli ya 336, iliyoanza mwaka 1948, wenzo na kiinulio vinasuguana kila unapofungua. Kona ya wenzo ikiwa kali, miaka hata miaka hujichimbia kijifereji katika kiinulio. Kijifereji hicho kidogo tu, unachokihisi kwa ukucha kabla ya kukiona, kinatosha kukifanya kiinulio kikae chini ya mahali pake. Hapo ukingo wa risasi ya pili huteleza chini yake na kila kitu hufunga kama kimechomelewa. Fundi anayejua kazi huilainisha kona kwa tupa kabla bunduki haijatoka kiwandani. Dakika chache. Katika hesabu za mwajiri, dakika chache zikizidishwa kwa maelfu ya bunduki ni fedha.

Winchester walifanya hesabu hiyo mwaka 1964. Modeli ya 94, iliyobuniwa na John Browning, iliundwa upya ili gharama ipungue. Kiinulio, ambacho hapo awali kilichongwa kwa mashine kutoka chuma kigumu, kikawa kipande cha bati la chuma lililokunjwa. Wanunuzi waliliona hilo siku ileile. Hata leo bunduki ya kabla ya 1964 huuzwa ghali kuliko iliyofuata.

Kiwandani nako mambo hayakutulia. Julai 1979 zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa New Haven, wanachama wa chama cha mafundi mitambo, waligoma, na mgomo ukaendelea hadi Januari 1980. Mwaka 1981 kampuni mama ilikiuza kiwanda. Tarehe 31 Machi 2006 kikafungwa kabisa. Modeli ya 94 sasa inatengenezwa Japani, na si mbaya hata kidogo.

Marlin walikuwa jirani tu, North Haven. Remington iliinunua kampuni hiyo, na mwaka 2011 kiwanda kikafungwa. Mitambo ikapelekwa Ilion, jimbo la New York. Ilikuwa mizee, na kila mmoja ulikuwa na tabia zake, ambazo wenyeji wake walizijua kwa mkono. Mitambo ilisafiri, wenyeji hawakusafiri. Wafanyakazi wa Ilion, waliokuwa katika chama cha wachimba migodi, wakakabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyebaki kuwafundisha. Bunduki za miaka ya kwanza zilijaa malalamiko, kukwama kwa risasi kukiwamo. Lawama zikawaangukia wao. Remington ilifilisika mwaka 2020, Ruger ikainunua Marlin na kuanza kuitengeneza North Carolina kwa mitambo mipya. Kiwanda cha Ilion kilifungwa mwaka 2024.

Kwa hiyo anayenunua Marlin iliyotumika huko Marekani huanza kutazama mtutu karibu na mahali unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Herufi JM ni alama ya kiwanda cha zamani, na muuzaji huongeza bei kwa herufi hizo mbili. Kisha, akiwa amehakikisha bunduki ni tupu na mtutu umeelekea mahali salama, huingiza risasi bandia tano au sita, zisizo na baruti wala fataki, na kuuendesha wenzo kwanza polepole, halafu kwa nguvu hadi mwisho. Mwishowe hupitisha ukucha chini ya kiinulio, akitafuta kile kijifereji.