Somo la 31: Miguu Miwili ya Chipu

Huko Bulengera, katika mji wa Butembo, kijana mmoja alijifunza ufundi wa redio kwa baba yake mdogo. Siku moja mama jirani alileta redio yake iliyonyamaza. Fundi aliikagua, akaona chipu ya kukuza sauti imekufa. Akampa kijana nyingine mpya: "Itie mahali pake." Kisha akatoka.

Chipu ni kipande cheusi, kidogo kuliko kidole gumba. Ndani yake mna vyombo vingi vya umeme vilivyoungwa pamoja. Jack Kilby, mhandisi wa Marekani, alionyesha chipu yake ya kwanza mwaka 1958. Chipu hii ya redio ilikuwa na miguu 8, na mgongoni imeandikwa LM386.

Kijana aliharakisha. Aliilehemu, akatia betri nne, jumla volti 6, akawasha. Redio haikusema neno. Chipu ikawa moto kama kaa.

Fundi aliporudi alizima upesi. "Mwanangu, alama uliitazama?"

"Alama gani, baba mdogo?"

"Chipu ina pengo dogo upande mmoja. Lielekeze juu. Mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Hesabu ukishuka mpaka 4. Vuka kulia, hesabu ukipanda, 5 mpaka 8. Umeme huingia kwa mguu wa 6, upande wa chanya, hutoka kwa mguu wa 4, upande wa hasi. Bila hiyo miwili, mingine yote haifanyi kazi. Wewe umeigeuza, umeme umeingia mlango usio wake."

"Chipu zote ni hivyo?"

"Hapana. Chipu ya 7400 ina miguu 14: hasi ni wa 7, chanya ni wa 14, nayo hutaka volti 5. Soma kwanza karatasi ya chipu. GND ni hasi. VCC ni chanya."

Kijana alitoa chipu iliyoungua. Akahesabu miguu ya nyingine kwa sauti, mara mbili, ndipo akalehemu. Jioni redio ilisema, na mama akaenda nayo kwa furaha. Hakulipa chipu iliyoungua. Kijana aliilipa kwa kazi ya Jumamosi mbili.

Maulizo
1. Umeme huingia na kutoka kwa miguu gani ya LM386?
2. Kwa nini chipu ya kwanza iliungua?
3. Chora chipu ya miguu 8, uandike namba zake.