Kesi ya Uharamia na Diski ya Mdaiwa: Upekuzi Unaishia Wapi?

SOMO LA WIKI

Kampuni kubwa inapofungua kesi ya uharamia, habari hiyo hufika sokoni siku nyingi kabla ya hukumu. Mwenye hisa hujiuliza kama mali ya kampuni yake sasa imepata ulinzi. Mwenye duka la kompyuta au la kunakili kanda hujiuliza swali jingine: iwapo siku moja atashitakiwa, je, watu wa upande wa pili wataruhusiwa kufungua kompyuta yake na kusoma kila kilichomo, pamoja na daftari la wadeni, orodha ya wateja na barua za nyumbani?

Jibu la sheria kwa ufupi ni hapana. Mdai anayo haki ya kupata ushahidi unaohusu dai lake, na haki hiyo inaishia hapo. Kesi inayoonyesha mpaka huo vizuri ni ile ya kampuni ya Sony Computer Entertainment America dhidi ya kijana George Hotz, iliyosikilizwa huko California, Marekani, mwaka 2011.

Chanzo cha Kesi

Sony ilianza kuuza mtambo wa michezo wa PlayStation 3 mwaka 2006. Mtambo huo ulilindwa kwa funguo za siri, yaani namba ambazo programu ni lazima iwe nazo ili ikubaliwe kufanya kazi ndani yake. Faida ya biashara ya namna hii haitokani na kuuza mtambo peke yake. Kampuni hutegemea pia mauzo ya michezo, na michezo ikinakiliwa bila malipo, mapato hayo hupotea.

Mwanzoni mwa Januari 2011 Hotz, aliyekuwa na umri wa miaka 21 na akiishi New Jersey, alitangaza kwenye intaneti ufunguo mkuu wa mtambo huo. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 2007, akiwa na miaka 17, alijulikana kwa kufungua simu ya iPhone ili itumike na kampuni nyingine za simu. Kuhusu PlayStation, yeye alisema hakutaka kusaidia wezi wa michezo, bali kumwezesha mwenye mtambo kuutumia apendavyo.

Tarehe 11 Januari 2011 Sony ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho iliyoko San Francisco. Iliegemea zaidi sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, inayokataza kuvunja kufuli za kielektroniki zinazolinda kazi zenye hakimiliki, na sheria ya mwaka 1986 kuhusu udanganyifu na matumizi mabaya ya kompyuta.

Amri ya Kukabidhi Vifaa

Tarehe 27 Januari 2011 Jaji Susan Illston alitoa zuio la muda. Hotz alikatazwa kuendelea kutangaza ufunguo ule, na aliamriwa kukabidhi kompyuta, diski na vifaa vingine vya kuhifadhia vilivyokuwa na habari za kazi hiyo.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Kanda ya video ya wizi ni kitu kimoja. Ikichukuliwa, kinachoondoka ni kanda hiyo tu. Diski ya kompyuta ni kama kabati la ofisi nzima. Ndani yake ushahidi unaotafutwa unaweza kuwa mafaili machache, na yanayobaki ni maelfu ya mambo yasiyohusu kesi: picha za familia, habari za benki, barua kwa daktari, hata mawasiliano ya mdaiwa na wakili wake. Anayeichukua diski yote anachukua pia vitu ambavyo mahakama haikuulizwa habari zake.

Wakili wa Hotz alitoa hoja hiyo. Alisema pia kwamba ufunguo ulikwisha kusambaa duniani, hivyo kuzuia vifaa vya mtu mmoja hakungeurudisha. Sony nayo ilijibu kwamba bila kuangalia vifaa hivyo haingeweza kujua kazi ilifanywaje, ilifanywa na nani, na nani mwingine alishirikishwa.

Uamuzi wa Februari

Tarehe 10 Februari 2011 shauri lilirudi mbele ya Jaji Illston. Hakukubali kufuta amri ya kukabidhi vifaa. Lakini alikubali kwamba kuna tatizo pale kompyuta moja inapobeba mambo mengi, akaweka wazi kwamba Sony ingeruhusiwa kutenga na kupata zile habari tu zinazohusu kufunguliwa kwa PlayStation. Mengine yote hayakuwa mali ya kesi.

Baadaye vifaa vilipelekwa kwa mtaalamu asiye wa upande wowote, ambaye kazi yake ilikuwa kutenga kinachohusika. Hata hapo ubishi haukwisha. Mwezi Machi Sony ililalamika kwamba diski zilifika zikiwa zimeondolewa sehemu muhimu, na upande wa Hotz ukakanusha kuwa ulikusudia kuficha kitu.

Sheria Nyuma ya Uamuzi

Mfanyabiashara anapaswa kutofautisha upekuzi wa aina mbili. Katika kesi ya jinai anayepekua ni polisi, na huko Marekani anabanwa na Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayodai kibali chenye kutaja mahali pa kupekua na vitu vya kuchukua. Katika kesi ya madai anayetaka kutazama ni mtu au kampuni binafsi, na kinga hiyo ya Katiba iliwekwa dhidi ya serikali. Kinachombana mdai ni kanuni za mwenendo wa mashauri pamoja na busara ya jaji.

Kanuni hizo zinaruhusu kila upande kudai kutoka kwa mwenzake nyaraka zinazohusu madai au utetezi. Mwaka 2006 zilirekebishwa ili kutaja wazi habari zilizohifadhiwa kwa njia ya kielektroniki. Maelezo rasmi ya marekebisho hayo yalionya kwamba hayakukusudia kumpa kila mdai haki ya kawaida ya kuingia moja kwa moja katika kompyuta ya mwenzake. Tangu Desemba 2015 kanuni zimeongeza uzito wa kipimo cha uwiano: gharama na usumbufu wa kutafuta ushahidi visipite thamani ya jambo linalobishaniwa.

Nani Ashike Diski?

Mahakama za Marekani zilikwisha kutafuta njia ya kati miaka kadhaa kabla ya kesi ya Hotz. Mwaka 1999, katika kesi ya kampuni ya Playboy iliyosikilizwa kusini mwa California, mahakama iliamua mtaalamu aliyeteuliwa atengeneze nakala kamili ya diski ya mdaiwa. Yaliyopatikana yalipelekwa kwanza kwa wakili wa mdaiwa, naye akatoa yale yanayohusika na kubakiza ya siri.

Mwaka 2006 huko Texas, kampuni ya muziki ya Sony BMG ilimshitaki mtu kwa kunakili nyimbo, ikataka mtaalamu wake yenyewe aipekue diski. Mahakama ilikubali diski ichunguzwe, lakini kwa mkono wa mtaalamu wa kati, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mambo binafsi ya mdaiwa.

Utaratibu huu una faida kwa pande zote mbili. Mdaiwa hulindwa dhidi ya macho ya mshindani wake. Mdai naye hupata ushahidi ambao ni vigumu kuupinga baadaye, kwa sababu haukuguswa na mtu aliyelipwa kushinda kesi.

Kumbukumbu Zilizoko kwa Wengine

Kuna njia nyingine ambayo wengi huisahau. Mdai anaweza kuomba kumbukumbu zinazomhusu mdaiwa kutoka kwa watu wa tatu: kampuni inayohifadhi tovuti yake, kampuni ya malipo, au mtandao anaoandikia. Mwezi Machi 2011 Jaji Joseph Spero aliiruhusu Sony kudai kumbukumbu za namna hiyo, zikiwamo za watu waliotembelea tovuti ya Hotz na fedha alizopokea kupitia PayPal.

Sababu mojawapo ilikuwa ubishi juu ya mamlaka ya mahakama. Hotz alikuwa mkazi wa New Jersey na alidai kwamba hakupaswa kushitakiwa California. Sony ilitaka kuonyesha kuwa alipata fedha kutoka kwa watu wa California. Hapa tena amri ilikuwa na mipaka: kwa upande wa PayPal ilihusu fedha zilizotoka California, za kipindi kilichotajwa, na zilipaswa kuonwa na mawakili tu. Pamoja na hayo, watu waliokuwa wamefungua ukurasa ule kwa kudadisi tu waliona kwamba majina yao yangeweza kuingia katika kesi isiyowahusu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na jina la kampuni ndilo lililoumia.

Mwisho wa Shauri

Pande mbili zilipatana tarehe 31 Machi 2011, na mapatano yakatangazwa tarehe 11 Aprili. Hotz alikubali zuio la kudumu bila kukiri kosa. Akilivunja, angelipa dola 10,000 kwa kila kosa, hadi kufikia dola 250,000. Fedha za michango zilizobaki, dola 10,000, alisema amezipeleka kwa shirika la Electronic Frontier Foundation linalotetea haki za watumiaji wa kompyuta. Suala la kisheria, yaani kama mwenye mtambo anaweza kuufungua mtambo alioununua, halikupata hukumu.

Siku chache baadaye, kati ya tarehe 17 na 19 Aprili 2011, watu wasiojulikana waliingia katika mtandao wa PlayStation. Habari za akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa hatarini, na huduma ilifungwa kwa zaidi ya wiki tatu. Mwezi Mei Sony ilikadiria gharama ya tukio hilo kuwa yen bilioni 14. Hotz alikana kuhusika. Mwenye hisa aliyedhani kwamba mapatano yale yamefunga ukurasa aliona kwamba amri ya mahakama dhidi ya mtu mmoja haikuwa kufuli ya ghala lote.

Mfano wa Uingereza, na Afrika Mashariki

Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, Kenya ikiwa mojawapo, mdai anaweza kuomba amri ijulikanayo kwa jina la Anton Piller, kutokana na kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufani ya Uingereza mwaka 1975. Amri hii hutolewa bila mdaiwa kujulishwa kwanza, ili asipate nafasi ya kuharibu ushahidi. Kwa kuwa ni kali, masharti yake nayo ni makali: dai liwe na nguvu sana, madhara yawe makubwa, na pawe na ushahidi kwamba mdaiwa anavyo vitu hivyo na huenda akaviharibu.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya filamu ya Columbia ilipata amri hiyo huko Uingereza dhidi ya mwuza kanda za video. Ilithibitika kwamba mwuzaji huyo alikuwa haramia kweli. Lakini waliotekeleza amri walichukua zaidi ya walichoruhusiwa na biashara yake ikakwama. Jaji aliamuru alipwe fidia ya pauni 10,000. Hivyo hata mwenye kosa ana haki ya kupekuliwa kwa kipimo.

Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, na habari zake binafsi zisidaiwe bila ulazima. Katiba ya Tanzania inatoa haki ya faragha katika ibara ya 16.

Mafunzo kwa Mfanyabiashara

1. Amri ya mahakama isomwe neno kwa neno. Inayotaja vitu fulani haimpi mdai ruhusa ya kuchukua vingine.

2. Wakili aitwe mapema, naye aombe mtaalamu wa kati, orodha ya mambo yatakayotafutwa, na muda wa kurudisha vifaa.

3. Hesabu za biashara zitengwe na mambo ya nyumbani, na nakala ya akiba iwekwe mahali pengine. Kompyuta ikikaa mahakamani mwezi mzima, duka lisifungwe.

4. Mafaili yasifutwe baada ya kupata habari za kesi. Mahakama inaweza kumwadhibu aliyefuta, na mara nyingi kufuta huumiza kuliko kile kilichokuwamo.

Mafunzo kwa Mwenye Hisa

Habari kwamba kampuni imepata amri ya kuchukua kompyuta za mdaiwa si habari kwamba imeshinda. Yafaa kuuliza maswali matatu. Amri inaruhusu kutazama nini? Gharama za mawakili na wataalamu zinabebwa na nani? Na je, kitu kilichoibwa bado kinaweza kurudishwa, au kimekwisha kusambaa? Sony ilipata zuio la kudumu ililolitaka, lakini ufunguo ulibaki mikononi mwa watu. Mnunuzi wa hisa apime thamani ya kampuni kwa ulinzi wa bidhaa zake na imani ya wateja wake, kisha ndipo aangalie kesi ilizo nazo mahakamani.