Nilidhani Nyoka, Kumbe Kamba

(Somo fupi juu ya neno avidya)

Katika makala haya ningependa kuwaletea neno moja dogo lililotutoa jasho chamani kwa muhula mzima. Naomba mnisome hadi mwisho, kwani neno lenyewe ni la Bara Hindi lakini maana yake iko hapa hapa Salgaa, kando ya barabara.

Chanzo cha somo

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitupa kazi: kila mwanachama atafute neno geni lisilo na tafsiri rahisi, kisha alitafutie Kiswahili chake. Wengi walikimbilia maneno ya kompyuta. Mimi nilipokuwa nikipekua kabati la maktaba nilipata kitabu cha Elimu ya Dini ya Kihindu. Shule yetu haifundishi somo hilo, lakini hutahiniwa katika KCSE sawa na elimu ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu. Ndani yake mna dini nne zilizozaliwa Bara Hindi, yaani Uhindu, Ujaini, Ubudha na Usikh. Neno avidya lilinikuta ukurasa baada ya ukurasa.

Mtu asiseme Bara Hindi ni mbali nasi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko kujenga reli. Zaidi ya 2,000 walifia kazini. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, nao wafanyabiashara wakaja kwa hiari yao. Walituachia maneno tunayoyatumia kila siku bila kuuliza yametoka wapi: chapati, laki, bangili na gari. Msomaji, tafadhali liweke akiba hilo neno gari. Tutalihitaji.

Maana ya neno

Katika lugha ya Sanskrit, vidya ni elimu au maarifa. Kile kiambishi a- hukanusha. Kwa hiyo avidya ni kutokuwa na maarifa. Rahisi, sivyo? Nilisimama mbele ya chama nikasema kwa kujiamini: "Avidya ni ujinga." Nikaketi.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliinua mkono akasema ujinga una dawa nyepesi, nayo ni kufunzwa. Mjinga ni mtu ambaye hajaambiwa, akiambiwa umekwisha, na ndiyo maana wahenga walinena kuuliza si ujinga. Je, hao Wahindi waliandika vitabu vyote hivyo kwa sababu ya jambo linaloisha kwa kuuliza swali moja? Nilikosa jibu.

Mwingine akapendekeza upumbavu. Tukakataa, kwa sababu mpumbavu ni mtu anayejua jema akalipuuza, na neno lenyewe ni tusi. Wa tatu akaleta ujahili. Tukasema jahili siku hizi ni mtu katili. Wa nne akasema kiinimacho. Hilo lilikaribia, lakini nilikuwa nimesoma kwamba Wahindi wana neno jingine, maya, ambalo ndilo linalofanana na kiinimacho, yaani ule mwonekano unaotupumbaza. Wa tano akasema upofu wa moyo. Tulikuwa karibu kupiga makofi ndipo mwalimu akauliza, "Kipofu hajui kwamba haoni?" Darasa likanyamaza. Kipofu anajua, ndiyo maana anashika fimbo. Mwenye avidya hashiki fimbo yoyote kwa sababu anaamini anaona.

Nilirudi maktabani nikiwa nimeona aibu kidogo. Huko nikakutana na mfano unaopendwa na wafuasi wa Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu aliyeishi yapata karne ya 8. Mtu anatembea jioni, giza linaingia. Anaona nyoka njiani. Moyo unamdunda, anaruka, jasho linamtoka. Taa inaletwa. Hakuna nyoka, ni kipande cha kamba.

Sasa tazama kwa makini. Huyu mtu hakukosa habari. Anajua nyoka ni nini na kamba ni nini. Kosa lake ni kwamba alikidhania kitu kimoja kuwa kingine, tena bila shaka yoyote. Huko ndiko avidya iliko. Patanjali, aliyetunga mafunzo ya yoga, alitaja makosa manne ya namna hiyo: kukidhania cha kupita kuwa cha kudumu, kichafu kuwa safi, cha uchungu kuwa cha raha, na kisicho nafsi yako kuwa ndiyo nafsi yako.

Dini hizo nne hazikubaliani kwa kila jambo. Kwa Shankara, kosa kuu ni kutotambua kwamba nafsi ya ndani na Ukweli mkuu ni kitu kimoja. Mabudha hawakubali kwamba iko nafsi ya kudumu hata kidogo. Kwao kuishikilia nafsi hiyo ndiyo avidya yenyewe, na wameiweka ya kwanza katika mnyororo wa vifungo kumi na viwili unaozaa mateso. Wajaini husema matendo yetu huifunika elimu ya roho kama vumbi kwenye kioo. Masikh, wafuasi wa Guru Nanak (1469–1539), huulaumu ule umimi, yaani mtu kujiona yeye ndiye kila kitu. Lakini wote wanakubaliana kwamba ugonjwa huu humpata hata msomi.

Gari la Salgaa

Katika Katha Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu, mwanadamu amefananishwa na gari la farasi. Mwili ni gari, akili ni dereva, mawazo ni hatamu, milango ya fahamu ni farasi, na nafsi ni mwenye gari aliyeketi ndani. Dereva asiyekuwa na ufahamu, farasi humshinda.

Nilipousoma mfano huo nilimkumbuka mjomba wangu. Yeye ni dereva wa lori. Sote twakijua kile kiteremko cha kutoka Sachangwan kuja Salgaa. Madereva wengine wakifika pale huondoa gia, lori literemke lenyewe, ili wabakishe lita chache za dizeli. Hapo injini hailishiki gari tena. Mzigo wote huangukia breki, nazo breki zikipata joto kupita kiasi hazishiki. Mjomba ndiye aliyenifunza haya yote, tena kwa kunichorea mchangani. Miaka miwili iliyopita lori lake likamshinda pale pale. Aliligonga kwenye ukingo wa udongo, akavunjika mguu. Tunamshukuru Mungu hakuua mtu.

Nilipomtembelea hospitalini nilimwuliza, "Mjomba, si wewe ulinifunza?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikuwa najua yote, kijana wangu. Lakini nilikuwa naona hayo ni ya wengine, si yangu."

Katika Mahabharata kuna mahali ambapo mfalme Yudhishthira anaulizwa ni ajabu gani iliyo kubwa kuliko zote duniani. Jibu lake ni kwamba kila siku watu hufa, na waliobaki huishi kama kwamba wao hawatakufa. Sisi wa Salgaa hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Tarehe 31 Januari 2009 zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika moto wa lori la mafuta pale Sachangwan. Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa pale Migaa, basi lilipogongana na lori. Naomba nisieleweke vibaya. Siwaiti marehemu hao wajinga. Wengine walisukumwa na umaskini, na wengine walikuwa abiria tu waliokuwa wakisafiri. Nasema juu yetu tuliobaki, tuliozika, kisha kesho yake tukarudia yale yale.

Nami namo. Sisi wavulana tuna tabia ya kudandia malori yanayopanda mlima polepole, tukining'inia nyuma ili tusitembee. Niliporudi kutoka kumwona mjomba, juma lile lile nilidandia. Juma la pili, tena. Juma la tatu nikiwa nimeshika mnyororo wa nyuma nilijisikia nikisema moyoni: "Wanaoanguka ni wale wasiojua kushika." Nikashtuka. Yalikuwa maneno ya mjomba, ila yamevaa sare ya shule. Lori lilipopunguza mwendo niliruka chini, na tangu siku hiyo natembea kwa miguu.

Tafsiri yangu

Basi, baada ya hayo yote, nilirudi chamani nikapendekeza kwamba avidya kwa Kiswahili ni kule kudhania. Si kukosa habari, bali ni kukichukua kitu kwa kingine na kutulia. Tena Kiswahili chetu kina neno tamu la kutangaza mwisho wake: kumbe! Nilidhani nyoka, kumbe kamba. Nilidhani ni ya wengine, kumbe ni yangu. Mwalimu alisema tafsiri hiyo haijakamilika, lakini akaiandika ubaoni.

Wahindu wa mafundisho ya Shankara hutaja hatua tatu za kufikia hiyo "kumbe": kwanza kusikiliza, pili kutafakari, tatu kuzama katika jambo hilo mpaka liwe lako. Sisi wanafunzi huishia ya kwanza. Twasikiliza, twakariri, twapita mtihani, halafu twadandia lori. Kumbe inayotufikia mapema ni maarifa. Inayotufikia kwenye ukingo wa barabara ni majuto, na majuto ni mjukuu.

Mimi ni Mkristo na sijaandika haya kumbadilisha mtu dini. Nimeandika kwa sababu Jumamosi iliyopita niliwaona watatu wenu nyuma ya lori la magunia, mkinipungia mkono.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya mjinga, mpumbavu na mwenye avidya. Toa mfano mmoja wa kila mmoja.
2. "Kipofu hushika fimbo." Jadili maana ya kauli hii katika makala.
3. Taja jambo moja unalolijua vizuri sana lakini unaloishi kama kwamba hulijui. (Jibu la swali hili usimwonyeshe mtu.)