Banda la simbilisi: jenga kabla hujanunua

Wengi mnanipigia simu simbilisi wakiwa tayari kwenye boksi, ndipo mnauliza habari za banda. Banda kwanza, jamani. (Na tusimwite pimbi, pimbi ni mnyama wa porini wa kwenye miamba.)

Wazee walimfuga jikoni, akijificha chini ya uchaga wa kuni. Kwa biashara hiyo haitoshi, huwezi kujua nani kazaa na nani.

Kizimba cha sungura chenye sakafu ya waya usimwekee. Vidole vyake vidogo vinanasa, miguu inatoka vidonda. Mpe sakafu ngumu, tandika maranda au nyasi kavu. Mita 1 ya mraba inatosha dume 1 na majike 7. Ukuta wa nusu mita hawauparamii, ila paka na nyoka wataingia, hivyo funika juu kwa wavu.

Adui mkubwa ni unyevu. Matandiko yakilowa mkojo hutoa hewa kali, na nimonia huwamaliza upesi. Ukiinama bandani macho yakakuwasha, ujue umechelewa kubadilisha. Joto nalo likipita nyuzi 30, jike mwenye mimba anaweza kufa. Kama umeezeka bati, weka nyasi juu yake.

Tenga na chumba cha pili. Vidume wakifikisha wiki 3 wahamishie huko, la sivyo watawapanda dada zao. Majani mabichi ni kila siku, maana mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C. Pumba tupu utawaua.