Kupunguza Joto Chini ya Bati Bila Kukaribisha Kutu

Saa nane mchana, chumba cha bati hapa Kotile hakikaliki. Wengi huchukua sponji au magunia wakayabandika moja kwa moja chini ya paa. Joto hupungua kweli, lakini bati huoza kwa ndani bila wewe kuona.

Maji yatoke wapi na mvua haijanyesha? Kwenye pumzi za waliolala, sufuria inayochemka na unyevu wa mto Tana. Usiku anga likiwa wazi, bati hupoa kuliko hewa ya chumbani; mvuke ukiligusa hugeuka matone. Sponji huyanywa na kuyaweka palepale.

Kwa hivyo acha nafasi. Tundika mikeka ya mkoma kwenye fito, shubiri moja chini ya bati, kisha toboa matundu juu ya kuta mbili zinazotazamana na uyafunike kwa wavu wa mbu. Joto na mvuke vitatoka pamoja. Mikeka husukwa huku huku, basi gharama ni ndogo. Ila usipike chini yake, inashika moto upesi.

Ukiwa na pesa za kazi moja tu, mimi ningeanza na rangi nyeupe juu ya paa, kwa sababu hulirudisha jua kabla halijaingia. Chumba cha mita 3 kwa 3 huhitaji lita 2 hadi 3 kwa mikono miwili ya rangi. Ulizia bei ya lita Masalani au Garissa kisha uzidishe. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha, kausha, pakaa rangi ya kuzuia kutu, ndipo nyeupe ifuate. Kwa bati jipya, omba rangi ya kwanza inayoshika zinki, yaani ule utando unaong'aa, nyingine hubanduka. Chokaa usiiguse, hula zinki.

Kutu hupenda kuanzia palipokatwa na palipopigiliwa. Kata kwa mkasi wa bati, maana cheche za grenda huunguza zinki, na utumie misumari yenye mpira. Bati la ukutani lisiguse udongo wala mkojo wa mbuzi: liinue juu ya mistari miwili ya matofali. Mafuriko kama ya 2023 yakipita, osha tope kabla halijagandamana.

Ukinunua mabati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30. Na fundi akikuletea gundi na sponji, mkatalie. Mwambie atoboe matundu ya hewa badala yake.