Panauma Wapi? Kumwuliza Mgonjwa kwa Lugha Yake

Ndugu wasomaji, hamjambo? Kama mmejibu "hatujambo", basi tumekwisha ingia katika somo letu la mwezi huu.

Mtu akisalimiwa hujibu salama. Ndivyo tulivyolelewa. Bibi anayeletwa hospitali kwa machela, midomo imekauka na macho yamezama, ukimwambia, "Shikamoo bibi, hujambo?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, sijambo." Ukimsalimu kwa Kisambaa, "Onga maundo," atakujibu, "Niwedi," yaani ni mzima. Hakusema uongo, amerudisha salamu tu. Muuguzi mgeni, au kijana wa bodaboda aliyeombwa kumbeba, akishika kwamba bibi ni mzima, amekwisha potea njia. Habari yenyewe huja baada ya neno "ila": "Sijambo, ila kifua kinanibana." Msubiri mgonjwa afike kwenye "ila" yake.

Mimi si Msambaa. Kwetu ni Rombo. Nilikuja kwenye milima hii nikiwa msichana mwenye diploma mpya na Kiswahili cha shuleni, nikiamini kwamba Kiswahili kinatosha popote Tanzania. Usiku mmoja, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, aliletwa mama kijana kutoka kijiji cha mbali. Alikuwa amejikunja kama mtoto, akijibu kwa sauti ndogo, kwa Kisambaa tu. Aliyemleta alikuwa shemeji yake, nami nikamfanya mkalimani. Nikauliza anaumwa nini. Shemeji akasema, "Tumbo." Anaharisha? Anatapika? "Hapana, tumbo tu." Nikauliza kama ana mimba. Shemeji akatazama chini, akamwambia yule mama maneno mawili matatu, kisha akanijibu, "Hapana." Nikaandika "maumivu ya tumbo", nikamlaza amsubiri daktari wa asubuhi.

Aliyemwokoa ni mama mfagizi wa wodi, mtu mzima ambaye hakusoma kupita darasa la nne. Alimwomba shemeji atoke nje, akainama kitandani, akauliza mambo matatu kwa Kisambaa. Siku zako umeziona lini mara ya mwisho? Je, umezimia? Mbali na tumbo, panauma wapi pengine? Akaja kunieleza: miezi miwili hajaona siku zake, amezimia mara mbili njiani, na bega linamuuma.

Kila mkunga anajua maana ya maneno hayo yakikaa pamoja. Mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu inamwagika ndani ya tumbo. Damu hiyo ikigusa ukuta unaotenganisha tumbo na kifua, maumivu husikika begani. Daktari aliamshwa na upasuaji ukafanyika usiku uleule. Yule mama alipona. Shemeji hakuwa mtu mbaya, jamani. Nilimtuma aulize jambo ambalo shemeji hawezi kumwuliza mke wa kaka yake. Kosa lilikuwa langu.

Kesho yake nilimfuata mama mfagizi nikiwa na daftari. Alicheka sana matamshi yangu, lakini alinifundisha.

Mambo haya hayako kwetu milimani tu. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Jamaa zake walikuwa watu wa Kihispania, wakasema kwamba yeye ni "intoxicado". Kwao neno hilo lina maana ya mtu aliyedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Waliompokea walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya mtu aliyelewa au aliyetumia dawa za kulevya, wakamtibu kwa njia hiyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa chake. Ilipokuja kugunduliwa, muda ulikuwa umepita. Kijana alipooza mikono na miguu, na mambo yakaishia kwenye fidia ya mamilioni ya dola. Neno moja tu, na hakuna aliyeuliza, "Mna maana gani?"

Leo nchini humo watu zaidi ya milioni 40 husema Kihispania nyumbani, na wahudumu wengi wa magari ya wagonjwa hujifunza maneno machache ya lugha hiyo. "¿Dónde le duele?" ndiyo "panauma wapi?" "Respire" ni "pumua". "No se mueva" ni "usijitikise". Hawajifunzi ili wapige hadithi. Wanajifunza maswali mafupi ambayo mgonjwa anaweza kuyajibu kwa ndiyo, hapana, au kidole. Ukiuliza swali refu kwa lugha usiyoijua utapata jibu refu usilolielewa.

Nasi tufanye hivyohivyo. Chukueni daftari la shule. Andikeni swali kwa Kiswahili, chini yake mwacheni bibi au babu alitamke kwa Kisambaa, na kijana aandike kama anavyosikia. Makusudi siandiki maneno ya Kisambaa hapa, maana ukurasa huu unasomwa Mlalo, unasomwa Vuga, unasomwa hata Korogwe, na kila upande una usemi wake; tutagombana bure. Walio jirani na Wambugu waongeze mstari wa tatu.

Maswali ya kuanzia ni haya. Unanisikia? Panauma wapi, nionyeshe kwa kidole kimoja. Imeanza ghafla au polepole? Unapumua vizuri? Damu inatoka? Umeanguka? Umekula au umekunywa nini? Umetumia dawa gani, ya hospitali au ya miti shamba? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Kwa mama: una mimba, siku zako umeziona lini, mtoto anacheza tumboni? Kisha maneno ya kumwongoza: usiogope, lala, usinyanyuke, usile kitu, nakushika mkono. Hili la "usiogope" lisemwe kwa lugha yake hata kama mengine yote yatakushinda.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. "Tumbo" linaweza kuwa tumbo la chakula, linaweza kuwa kizazi. Mtu husema "moyo unaniuma" huku mkono uko chini ya kifua, mahali pa vidonda vya tumbo. Kwa hiyo tazama mkono kuliko neno. "Homa" kwa wengi ni malaria, kumbe mwili kuwa na joto una sababu nyingi. Mtoto akipata degedege, msione aibu kulitaja, lakini mtueleze pia mlichoona: alikakamaa, alitupatupa mikono, kwa muda gani, mwili ulikuwa wa moto? Na saa! Tunapata madaktari wageni. Ukisema "alianza saa tatu asubuhi", mgeni ambaye hajazoea ataandika saa 3 ya kwao, na hapo umepoteza saa sita nzima. Sema "baada ya chai", "watoto walipotoka shule", au onyesha mahali jua lilipokuwa.

Jambo jingine ni kiharusi. Wazee wetu, hata wale waliosema Kiswahili miaka yote sokoni, wakizidiwa au wakichanganyikiwa hurudi kwenye lugha ya mama zao. Muuguzi asiyeijua hawezi kupambanua kama bibi anasema Kisambaa safi au maneno yake yamevurugika. Ninyi mnaweza. Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakiwa hayaeleweki hata kwa watu wa nyumbani, tuambieni palepale mlangoni: "Hivi sivyo anavyosema siku zote," na saa ilipoanza. Msingoje tuulize.

Tena, msimtume mtoto awe mkalimani wa mama yake kwa habari za damu, mimba au ndoa. Mtoto ataficha lililo zito, au atalibeba moyoni. Mchagueni mtu mzima, wa jinsia ya mgonjwa ikiwezekana, asiyefungwa na heshima ya ukwe. Naye aseme lile alilosema mgonjwa, neno kwa neno. Wakalimani wetu wana tabia ya kufupisha. Mgonjwa ataongea dakika mbili, mkalimani atasema, "Anasema kichwa." Hizo dakika mbili zilikwenda wapi?

Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga simu namba 115, ya bure, ya mpango wa m-mama. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kijamii aliyeandikishwa hutumwa. Anayepokea simu atakuuliza kwa Kiswahili, kwa hiyo apige mwenye Kiswahili chepesi, akiwa amesimama karibu na mgonjwa ili aweze kumwuliza na kujibu. Taja kijiji na kitongoji, na alama ambayo mtu mgeni ataiona gizani: shule, kanisa, msikiti, daraja. "Kwa mzee fulani, chini ya mti mkubwa" haimsaidii dereva, kwani huku miti mikubwa ni mingi.

Katika jumuiya ndogondogo, wakati mnapongoja wenzenu wafike, mzee mmoja aketi kama mgonjwa na kijana amwulize maswali kumi ya kwenye daftari. Mwalikeni na kijana wa bodaboda wa njia yenu, awe wa dhehebu lolote, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kumbeba mgonjwa. Kwa mikoba ya akina mama najua daftari litapotea baada ya wiki moja, kwa hiyo litobolewe tundu pembeni, litiwe kamba, litundikwe kwenye msumari mmoja na kadi za kliniki.