Kumtambua Kidenenda kwa Sikio

Mvua zinyeshapo, nyasi za tambarare ya Same, kutoka miguuni pa Milima ya Pare hadi Mkomazi, hujaa sauti za ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi myeusi mgongoni. Hawa ni videnenda, yaani ndege wa jenasi *Cisticola*. Spishi zake hufanana mno, hata mwanafunzi ategemeaye rangi peke yake hukosea. Basi na tutumie vigezo vitatu: mahali, mwendo na sauti.

1. *Cisticola juncidis* hukaa katika nyasi zilizo wazi. Urefu wake ni sentimita 10 hivi. Dume huruka juu ya nyasi akipanda na kushuka mfano wa mawimbi, na kwa kila wimbi hutoa mlio mmoja mkali: "zit".

2. *Cisticola aridulus* hupenda nyasi za mahali pakavu zaidi. Umbo lake ni karibu sawa na la kwanza, lakini dume hurudia mlio mwembamba upesi upesi, na arukapo hualisha mbawa zake.

3. *Cisticola chiniana* ni mkubwa kidogo. Yeye hutua kileleni mwa kichaka au mgunga, akatoa sauti chache za kukwaruza, kisha akamalizia kwa mtetemo kama wa kayamba.

Tofauti hizi zina kazi: kwa wimbo, jike humtambua dume wa spishi yake. Hubert Lynes, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyechapisha uchambuzi mkubwa wa jenasi hii mwaka 1930, naye alizingatia sana sauti na tabia zao.

Zoezi. Nenda uwandani asubuhi, kabla ya saa 3. Simama kimya kwa dakika 20. Andika mahali, mwendo na sauti ya kila kidenenda kabla ya kufungua kitabu.

Ukimwona aliyenyamaza, andika: "kidenenda, spishi haikutambuliwa." Huko si kushindwa. Atakayesoma daftari lako baada ya miaka 10, akitaka kujua kama ndege hawa wamepungua kwa sababu ya moto, malisho au kilimo, hataweza kutenga jina la kweli na jina la kubahatisha. Kumbukumbu pungufu yaweza kukamilishwa. Ya uongo hupotosha.